Shule, Filamu na Urafiki wa Mataifa

Kila taifa lina njia zake za kujitambulisha mbele ya mataifa mengine. Zipo ngoma, zipo hadithi na methali, zipo nyimbo na mashairi, na yapo majengo na kazi za mikono. Katika karne ya 20 iliongezeka njia nyingine yenye nguvu kubwa, nayo ni picha za sinema. Picha hizo huvuka bahari, huingia katika nyumba za watu ambao hawatafika kwetu maisha yao yote, na kuwaambia: hawa ndio watu wa nchi fulani, hivi ndivyo wanavyoishi. Kwa hiyo si jambo dogo kujua ni nani aliyezitengeneza na kwa nia gani.

Katika insha hii twakusudia kulichunguza jambo moja linalowahusu walimu na wanafunzi wetu. Shule ya hapa nchini hufunga urafiki na shule ya nchi ya mbali, kisha wanafunzi wa pande mbili hukubaliana kutengeneza filamu moja ya hali halisi, yaani filamu inayoonyesha maisha ya watu kama yalivyo, bila mchezo wa kubuni. Jambo hili ni jema, nasi twaliunga mkono. Lakini jema lisilochunguzwa laweza kugeuka kuwa mzigo. Hapana budi tujiulize: filamu inayotokana na urafiki huo ni ya nani?

Tumechagua kulitazama swali hili tukiwa tumesimama Mpuguso, karibu na mji wa Tukuyu, katika Wilaya ya Rungwe. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, Mpuguso pana chuo cha ualimu, na desturi anayojifunza mwalimu chuoni huenda naye hadi darasani kwake. Pili, nchi ya Rungwe, yenye mvua nyingi, migomba, chai na milima ya volkeno, ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zilizoandikwa na kupigwa picha na wageni kwa muda mrefu. Watu wake wana haki ya kuuliza habari zao ziko wapi.

Ili kulijibu swali letu tutatumia vipimo vitatu. Cha kwanza: ni nani aliyeuliza maswali na kuamua nini kionyeshwe? Cha pili: wahusika walisema kwa lugha gani? Cha tatu: kazi ilipokwisha, nakala ilibaki wapi? Tuvichukue vipimo hivi, tuvipeleke katika historia ya nchi yetu, ndipo turudi Rungwe.

Watu wengi hudhani kwamba kutengeneza filamu za elimu kwa ushirikiano na wageni ni jambo lililoanza juzi. La hasha. Mwaka 1935, katika kilima cha Vugiri, upande wa Korogwe, lilianzishwa jaribio kubwa la filamu za elimu kwa Waafrika. Fedha zilitoka katika Shirika la Carnegie la New York. Kazi ilisimamiwa na J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misioni, pamoja na Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kuwa meneja wa shamba la mkonge katika Afrika ya Mashariki, na G. C. Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Waanzilishi hao walieleza makusudi yao waziwazi. Walitaka kumsaidia Mwafrika mtu mzima ayaelewe mabadiliko ya maisha. Walitaka kuyatilia nguvu masomo ya darasani. Walitaka kuhifadhi yale waliyoyaona kuwa mema katika mila za Waafrika. Na walitaka kuwapa watu burudani. Kati ya mwaka 1935 na 1937 walitengeneza filamu 35. Nyingine zilihusu chai, uuzaji wa kahawa, akiba ya posta na kodi. Nyingine zilihusu safura. Na moja ilitokana na hadithi ya sungura na chui. Filamu hizo zilikuwa za milimita 16, nazo hazikuwa na sauti ndani yake. Maelezo yalirekodiwa katika sahani za santuri na kupigwa wakati picha zikionyeshwa, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadhaa. Gari lilizichukua likazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Tusiwe wepesi wa kubeza kazi hiyo. Watu waliona kwa macho yao jinsi safura inavyoenea, na hilo ni somo la maana katika nchi yo yote yenye watu wanaotembea peku. Kadhalika, vijana wa Kiafrika walifanya kazi katika vyumba vya kusafishia picha na vya kurekodia sauti, na Notcutt mwenyewe alikiri kwamba waliweza kufundishwa na kuifanya vizuri sehemu kubwa ya kazi hiyo. Huo ulikuwa ushahidi wa mapema kwamba kamera haina kabila.

Hata hivyo, tukiipima kazi ya Vugiri kwa vipimo vyetu, twapata jibu lenye kutufikirisha. Maswali yaliulizwa na wageni. Wao ndio walioamua kwamba mkulima aonyeshwe kodi na akiba ya posta. Mkulima hakuulizwa angependa kuonyesha nini. Lugha zetu zilitumika, na hilo tulihesabu kuwa jema, lakini zilitumika kama nguo inayovishwa juu ya mwili uliokwisha kuumbwa: sahani ya santuri iliweza kubadilishwa kutoka lugha moja hadi nyingine, ila picha na maana yake havikubadilika. Mwafrika alisemewa kwa lugha yake; hakusema.

Kipimo cha tatu ndicho kinachouma zaidi. Mwaka 1937 fedha zilikwisha, na serikali za kikoloni hazikukubali kuiendeleza kazi hiyo. Katika filamu zile 35, zinazojulikana kuwa zipo mpaka leo ni tatu tu: moja juu ya safura, moja juu ya mafunzo ya utabibu wa mifugo kwa Waafrika, na moja juu ya mashamba ya wakulima huko Kingolwira karibu na Morogoro. Nazo hazikuhifadhiwa Korogwe wala Dar es Salaam. Zimehifadhiwa Uingereza. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Nyuso za wazee wetu wa miaka ile, mashamba yao, vicheko vyao na kazi za mikono yao, sehemu kubwa imepotea, na kidogo kilichosalia hatuna budi kukiomba ugenini.

Baada ya Vita Kuu ya Pili lilifuata jaribio jingine. Kuanzia mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliipa kazi kampuni moja ya Afrika ya Kusini itengeneze filamu za Kiswahili. Hapo ndipo zilipopatikana Chalo Amerudi, Muhogo Mchungu na Meli Inakwenda. Safari hii Mwafrika alisema mwenyewe, na kwa Kiswahili. Katika Muhogo Mchungu alionekana kijana wa shamba aliyeingia mjini akapambana na hila za mji, na aliyeicheza nafasi hiyo alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Kwa hiyo katika kipimo cha lugha tulipiga hatua. Lakini mwenye kamera na mwenye kuamua alikuwa bado ni mwingine, na mafunzo ya filamu hizo hayakwenda mbali na yale ambayo serikali ile ilitaka watu wake wajifunze.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, serikali ya wananchi iliona umuhimu wa kuwa na vyombo vyake. Mwaka 1968 iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, na mwaka 1974 ikaanzishwa huko Dar es Salaam Taasisi ya elimu kwa picha na sauti, iliyosaidiwa na Denmark. Ushirikiano na wageni haukukatazwa, ulibadilishwa sura. Mwaka 1985 ilitoka Arusi ya Mariamu, filamu ya Kiswahili iliyoongozwa na watu wawili kwa pamoja, Mtanzania Nangayoma Ng'oge na Mmarekani Ron Mulvihill. Filamu hiyo yahusu mwanamke mgonjwa na uganga wa jadi, jambo ambalo wageni wengi waliotangulia walilitazama kwa dharau. Mwaka uliofuata ilitoka Mama Tumaini, kwa ushirikiano wa Watanzania na Wanorwe. Hapa twaona ushirika wa kweli ukianza: wawili wameketi meza moja, na mwenyeji anayo kauli katika habari za nyumba yake.

Baada ya mapitio hayo, turudi Rungwe. Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoravian kutoka Ujerumani, wakiongozwa na Theodor Meyer, walijenga kituo chini ya Mlima Rungwe, na mwaka huo huo wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, nao walifika Unyakyusa. Waliandika barua, wakaandika taarifa, na baadaye wakapiga picha. Kumbukumbu za Wamoravian zilikusanywa Herrnhut, huko Ujerumani. Tangu mwaka 1934 hadi 1938 walifika wataalamu wawili wa mila na desturi, Godfrey Wilson na mkewe Monica. Waliishi na Wanyakyusa, wakajifunza lugha, wakaandika mambo mengi juu ya vijiji vya rika, ambamo wavulana wapatao miaka kumi walitoka nyumbani kwa wazazi wao wakajenga vibanda vyao pamoja, wakakua pamoja, na hatimaye wakawa kijiji cha watu wazima wa umri mmoja. Kitabu cha Monica Wilson juu ya vijiji hivyo kilitolewa mwaka 1951, kwa Kiingereza. Daftari na picha zao zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town.

Twawashukuru kwa kuandika, maana mila ya vijiji vya rika imefifia tangu miaka ile, na ardhi ilipokuwa haba ilizidi kudhoofika. Lakini tusisahau kwamba kazi hiyo isingewezekana bila wenyeji. Alikuwapo karani wao Mnyakyusa, Leonard Mwaisumo, aliyewakalimania, akawaandikia na kuwafungulia milango ya wazee mpaka alipofariki mwaka 1938. Jina la Wilson lajulikana katika vyuo vya dunia nzima. Jina la Mwaisumo ni wachache walijualo, hata hapa nyumbani. Mwanafunzi wa Rungwe atakaye kuzisoma habari za babu zake zilizokusanywa wakati ule hana budi kujua Kiingereza, na akitaka kuziona daftari zenyewe hana budi kusafiri mpaka ncha ya kusini ya Afrika.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika misitu ya Mlima Rungwe walisikia kutoka kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Wakamtafuta, wakamwona; na mwaka 2005 wakautangazia ulimwengu kwamba amepatikana kima ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika. Mwaka 2006 alipewa jina la kitaalamu lenye neno Rungwe ndani yake. Ulimwengu ulisema amegunduliwa. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimjua na kumwita kwa jina lake. Hapa mna fundisho kwa kila mwanafunzi: maarifa mengi tunayodhani yako mbali yamo vinywani mwa wazee wetu, na yanangoja mtu wa kuuliza. Swali ni hili tu: atakayeuliza ni mtoto wetu, au ni mgeni peke yake?

Sasa twaweza kuutazama urafiki wa shule kwa macho yaliyofunguka. Urafiki huo si mgeni duniani. Mwaka 1953 Shirika la UNESCO lilianzisha mpango wa shule zinazoshirikiana, ukianza na shule 33 za nchi 15. Hapa kwetu, mji wa Mwanza ulifunga urafiki na mji wa Würzburg wa Ujerumani mwaka 1966, kisha na mji wa Tampere wa Finland mwaka 1988. Na Dar es Salaam ikafunga urafiki na Hamburg mwaka 2010. Katika urafiki wa namna hii, walimu na wanafunzi hutembeleana na kuandikiana. Na tangu kamera zilipokuwa ndogo, na hatimaye zikaingia ndani ya simu ya mkononi, barua imepata mwenzake, nayo ni filamu.

Lakini mara nyingi pande mbili hazilingani. Upande mmoja waja na kamera, fedha na tiketi za ndege. Upande wa pili waleta mandhari, ngoma na dhiki zake. Wageni hupiga picha za kisima, za jiko la kuni, za darasa lenye wanafunzi wengi na madawati machache. Hayo ni kweli, nasi hatuyafichi. Lakini ni nusu ya kweli. Mwanafunzi wa Rungwe anapoonyeshwa siku zote akipokea, naye hatimaye hujiona kuwa ni mtu wa kupokea. Na mwanafunzi wa ng'ambo anapoonyeshwa siku zote akitoa, hujiona hana la kujifunza. Filamu ya namna hiyo huwadhuru wote wawili, japokuwa ilitengenezwa kwa mapenzi mema.

Yatupasa basi kuweka desturi njema, na mahali pa kuianzia ni vyuo vya ualimu kama hicho cha Mpuguso. Kwanza, kabla ya kamera kufunguliwa, wanafunzi wetu waandike maswali yao wenyewe. Wakiulizwa wageni waone nini, waweze kujibu: Daraja la Mungu katika Mto Kiwira na sababu za kutokea kwake, safari ya jani la chai kutoka kwa mkulima mdogo hadi kiwandani, wazee wanaokumbuka yaliyosemwa juu ya vijiji vya rika, msitu wa kipunji na haja ya kuutunza. Hayo ni mambo ambayo mwenyeji huyajua kuliko mgeni.

Pili, maswali yaende pande zote mbili. Wanafunzi wetu nao washike kamera na kuuliza juu ya maisha ya wenzao: wazee wa huko wanatunzwa na nani, mkulima wa huko anapata nini kwa maziwa yake, kijana wa huko anaogopa nini. Filamu inayowaangalia watu wa upande mmoja tu haiwezi kuitwa ya urafiki. Methali yetu yasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni yuaja kutazama tu.

Tatu, lugha. Mzee wa Rungwe asilazimishwe kusema kwa lugha isiyokuwa yake. Aseme Kinyakyusa ikiwa ndicho akijuacho vema, na wanafunzi wafasiri kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya wageni. Kazi hiyo ya kufasiri ni somo kamili la lugha. Mwanafunzi atakayehangaika kulitafutia neno la Kinyakyusa mwenzake katika Kiswahili atakuwa ameitumikia lugha ya taifa kuliko aliyekariri sarufi bila kuitumia.

Nne, heshima na ruhusa. Mzee aelezwe filamu itakwenda wapi na itaonyeshwa kwa nani, naye awe na haki ya kukataa. Mtoto asipigwe picha bila ridhaa ya wazazi wake. Na filamu ikiwa tayari, wa kwanza kuitazama wawe watu wa kijiji kile, ili waseme: hapa mmetusema sawasawa, hapa mmekosea, rekebisheni.

Tano, na hili ndilo tunalolisisitiza kuliko yote, nakala ibaki nyumbani. Isibaki katika simu ya mwalimu mmoja ambaye kesho atahamishwa au simu yake itaharibika. Iwekwe katika maktaba ya shule na katika chuo, iandikwe katika daftari pamoja na tarehe, mahali, na majina ya waliokubali kutajwa: aliyeuliza, aliyejibu, aliyefasiri. Zisihifadhiwe picha zilizochaguliwa tu, bali na mazungumzo yote ya wazee, maana lile tunaloliona halina faida leo huenda likawa ndilo litakalotafutwa na wajukuu wetu. Makubaliano haya yaandikwe na kutiwa sahihi na shule zote mbili kabla ya kazi kuanza.

Wapo watakaosema kwamba shule zetu zina shida kubwa kuliko hizi. Kwamba afadhali kupata madawati na vitabu kuliko kubishana juu ya nakala za filamu. Twawaelewa. Lakini mambo haya hayapingani. Mwalimu Nyerere alipotoa siasa ya Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alikusudia elimu imfanye mwanafunzi awe mtu anayejiamini na kufikiri mwenyewe, wala si mtu wa kungojea maamuzi ya wengine. Mwanafunzi aliyejifunza kuuliza, kusikiliza, kufasiri na kuhifadhi habari za watu wake amekwisha kuingia katika njia hiyo. Aidha, kazi tuliyoitaja haihitaji fedha nyingi. Yahitaji daftari, subira, na mwalimu anayejua thamani yake.

Mwaka 1935 tulikuwa chini ya utawala wa wengine, na filamu za Vugiri zilipopotea hatukuwa na uwezo wa kuzizuia. Leo udhuru huo hatunao. Wazee wa Rungwe waliobaki na kumbukumbu za mambo ya kale wanapungua kila mwaka, na wageni wema wenye kamera watazidi kuja. Tuwakaribishe kwa mikono miwili, tufanye nao kazi, tujifunze ufundi wao, nao wajifunze kwetu. Ila wanapoaga, mwalimu na afungue daftari lake, ahakikishe kwamba nakala imekwisha kuwekwa mahali pake.